Mashine Iliyokuwa Ikisinzia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi. Bati la karakana lilipiga kelele mpaka tukawa tunaelekezana kwa mikono kama mabubu. Leo nimesimama mwenyewe mbele ya mashine ndogo ya kuchonga chuma, mara ya kwanza tangu shemeji yangu aachishwe kazi. Ni kaka wa mke wangu. Wote tunamwita Kimya, kwa sababu anaweza kumaliza wiki nzima bila kutumia maneno ishirini. Alisimama hapa miaka kumi na moja. Mwezi uliopita alikunja koti lake la kazi, akalitia kwapani, akaondoka.

Sababu ni magoti. Tunachonga vipande vya chuma vya magoti ya bandia kwa ajili ya kliniki ya viungo. Kila goti lina bawaba, na bawaba ina pini inayopita kwenye matundu mawili. Matundu yasipokaa sawasawa, goti halijifungi mtu anapolikanyagia. Moja halikujifunga. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amelivaa aliporomoka kwenye ngazi za shule mbele ya wanafunzi wake, akavunjika mkono.

Mama mwenye karakana aliniita ofisini, mimi msimamizi, akaniuliza tatizo ni nini. Nikamwambia ni mkono wa Kimya, siku hizi hautulii. Akauliza kama Kimya aliwahi kulalamika kuhusu mashine. Nikasema sikumbuki.

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa nichonge, kliniki inasubiri.

Jumatano, 5 Machi

Vipande vinne. Vyote vimeharibika. Matundu yamelala upande uleule yaliolalia yale ya Kimya.

Alhamisi, 6 Machi

Vitatu vingine, vilevile. Nimevifukia chini ya vyuma chakavu. Cheche, fundi wetu wa kulehemu, alikuwa amevua miwani yake ya moto na akaniona.

"Mkuu, unazika nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimefanya nilichopaswa kufanya zamani. Nimeifunga saa ya kupimia kwenye meza ya mashine, ncha yake ikagusa kichwa kinachoshika kisu. Kisha nikakisukuma kichwa kwa kiganja, nguvu ya kusukumia mlango tu. Sindano ilikimbia sehemu kumi na mbili za mia za milimita. Unywele wa mtu ni kama saba. Goti linavumilia mbili.

Nikarudia mara tano. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na mbili.

Maana yake kila kisu kinapouma chuma, kichwa kinainama. Kisu kikitoka, kinainuka tena, na ukikitazama utaapa kimesimama wima. Hata malaika akija kuishika mikono hii hatatoboa tundu lililonyooka.

Kwa hiyo haukuwa mkono wa Kimya.

Nimeiandika sentensi hiyo na sasa sijui niiweke wapi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia Mama mwenye karakana kwamba mashine inahitaji "marekebisho kidogo". Alikuwa anasoma barua ya kliniki. Hakuinua macho.

"Irekebishe. Wapo watu kumi na sita wanaokaa majumbani wakisubiri magoti. Kwa hiyo haukuwa mkono wa shemeji yako?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningepita tu.

"Vyote viwili, Mama," nikasema. "Mkono na mashine."

Akaitikia "Haya," akaendelea kusoma. Uongo haupendi upweke. Ukiuzaa mmoja, kesho utauzalia mdogo wake.

Jumapili, 16 Machi

Tumekwenda kumsalimu mama mkwe. Anaishi na Kimya. Nilifurahi kusikia Kimya hayupo, kisha nikaona haya kwa kufurahi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni. Mwenyeji wenu yuko kazini, hata Jumapili. Anatengeneza miavuli siku hizi, pale barazani kwa muuza viatu. Anasema mvua hii imemfaa."

Hakusema kwa kuchoma. Angesema kwa kuchoma ningepata pa kukasirikia. Akatuwekea chai, akakaa, akanigeukia.

"Baba, wewe unamjua kazini kuliko mimi. Hebu niambie, mkono wake ulianza lini kutetemeka? Nauliza kwa sababu hapa nyumbani mimi ndiye nisiyeona. Uzi wa sindano ananitungia yeye, na anautunga mara moja tu."

"Kazi ya chuma ni tofauti, mama."

"Ehe. Labda."

Mke wangu alikuwa anakoroga chai yake. Sukari ilishayeyuka zamani, naye akaendelea kukoroga. Njiani kurudi nilimfunika kwa mwavuli, akatoka kidogo pembeni, bega moja likalowa mpaka nyumbani.

Jumatano, 19 Machi

Nimefungua meza na reli, nimesafisha takataka za miaka, nimekaza kabari za pembeni ili meza isiyumbe. Kutoka kumi na mbili hadi tisa. Bado.

Ijumaa, 21 Machi

Tisa. Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Mwanzoni mwa daftari hili niliandika kwamba Mama mwenye karakana aliponiuliza kama Kimya aliwahi kulalamika, nilisema sikumbuki. Si kweli. Nilisema, "Hapana, hakuwahi." Nilisema haraka, na nilimtazama usoni. Daftari halina msomaji ila mimi, na hata hilo nimelidanganya.

Alinieleza mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka jana, wakati wa jua. Alikuja mezani kwangu akasubiri nimalize kuzungumza kwenye simu. Kisha akasema, "Shemeji, ile mashine inasinzia." Nikamuuliza inasinzia vipi. Akainamisha kichwa chake polepole, akakiinua ghafla, kama mtu aliyeshikwa na usingizi kwenye benchi la hospitali. Kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba. Nami nikamjibu kwa sauti ili karakana nzima isikie: "Mchagua jembe si mkulima." Wakacheka wote. Yeye naye alitabasamu kidogo, akarudi kazini.

Mara ya pili aliniletea karatasi. Alikuwa ameichora nguzo ya mashine ikiwa imepasuliwa katikati, akaonyesha uwazi wa ndani, akaandika kwa herufi zake ndogo: kokoto na gundi hapa. Nyuma ya nguzo alichora bamba nene la chuma. Kwenye kitako, pale nguzo inapokaa, aliandika neno moja: rangi? Nikamwambia nitaitazama. Nikaitia kwenye droo.

Sikuitazama kwa sababu ya neno lile moja. Mashine hii niliisimika mimi. Ilipoletwa, Mama alisema mafundi wengine huchukua siku tatu kuisimika. Mimi niliisimika alasiri moja, nikasifiwa. Sikukwangua rangi pale chuma kinapokutana na chuma. Sikupima. Nilikaza bolti nne, nikapangusa mikono. Kimya alikuwa akinishikia spana siku hiyo. Alijua, na badala ya kusema "hukukwangua", aliandika "rangi" na kiulizo, ili nionekane kama mtu anayegundua mwenyewe.

Nimeandika haya mchana, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Sina njaa.

Jumatano, 26 Machi

Nimeitoa karatasi kwenye droo. Ilikuwa chini ya kalenda ya mwaka jana.

Jumatano, 2 Aprili

Tumeing'oa nguzo, mimi na Cheche, kwa mnyororo. Chini yake rangi ilikuwa imebanwa na kupasuka kama ngozi ya kisigino. Katikati ya kitako pamelala punje ya moto wa kulehemu, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, iliyoganda hapo tangu siku ya kwanza. Nguzo nzima ilikuwa imekalia rangi na punje.

"Huyu aliyeisimika hii," alisema Cheche, "alikuwa na haraka ya kwenda harusini?"

Hakuwepo wakati ule. Aliajiriwa baadaye. Ningeweza kumwambia. Nikasema, "Nipe patasi."

Nimekwangua rangi yote. Kisha nikapaka wino wa buluu kwenye bamba la kupimia, nikalilaza juu ya kitako, nikaliinua. Palipoinuka panashika buluu, palipobonyea panabaki peupe. Unakwangua palipoinuka, unapaka tena, unalaza tena. Mara ya kwanza buluu ilishika pembe mbili tu. Kufikia jioni ilishika sehemu tisa. Inatakiwa itapakae kote kama mchele uliomwagwa mkekani.

Ni kazi isiyokubali kuharakishwa. Ukikwangua kwa hasira unachimba shimo, na shimo halirudishiki. Nimechimba mawili.

Ijumaa, 4 Aprili

Kukwangua. Vidole vya buluu. Mke wangu ameuliza, "Ni nini hicho?" Nikasema kazi.

Jumanne, 8 Aprili

Leo tumejaza nguzo. Kokoto ndogo tulizisafisha jana na kuzikausha, maana gundi haishiki kitu chenye maji, na siku hizi hata hewa ina maji. Tumeilaza nguzo, tumeziba matundu kwa nta, tumemimina kokoto na gundi kidogo kidogo, Cheche akigonga ubavuni kwa nyundo ya mbao ili mapovu yatoke. Nyuma tumefunga bamba la chuma, unene wa kidole gumba.

Cheche alisimama akiitazama.

"Sasa hii ni nguzo. Akili hii umeitoa wapi, mkuu?"

"Nilifikiria tu," nikasema.

Karatasi ya Kimya ilikuwa imekunjwa mfukoni mwa shati langu. Nilihisi ncha yake ikinichoma kila nilipoinama.

Jumamosi, 12 Aprili

Mbili.

Nimesukuma kwa kiganja, nimesukuma kwa bega. Mbili. Nikachonga kipande. Kisu kiliingia kwenye chuma bila kupiga kelele, vipande vya taka vikatoka vimejikunja vyote kwa ukubwa mmoja. Pini ikapita matundu yote mawili kwa uzito wake mwenyewe, ikakaa.

Mama mwenye karakana aliletewa kipande. Akakifungua na kukifunga mara nyingi, halafu akatukusanya wote. Akasema, "Nataka muone tofauti kati ya mtu anayeharibu kazi na mtu anayetafuta dawa." Wakapiga makofi. Cheche alipiga makofi kuliko wote.

Nimesifiwa mara nyingi maishani, mara nyingine bila kustahili. Sikuwahi kujisikia kama nimevaa nguo za mtu aliyesimama uchi nje kwenye mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimepita barabara ya muuza viatu. Nilimwona kwa mbali, ameinama, mwavuli mweusi mapajani kama kunguru aliyevunjika bawa. Nikageuka. Nimelowa chapachapa kwa kuzunguka mtaa mzima.

Jumatano, 23 Aprili

Lazima niandike yote.

Saa tano mtaalamu wa viungo wa kliniki alikuja na mwalimu. Ni mwanamke wa makamo, mrefu, na mkono wa kushoto bado una bandeji. Alikuja kwa gongo moja kwa sababu mkono mmoja haushiki. Walitaka tulifunge goti jipya hapahapa ili kama kuna cha kukwangua kikwanguliwe papo hapo. Tukamwekea kiti katikati ya karakana, Mama akaja, Cheche akazima mashine yake.

Goti likafungwa. Mwalimu akasimama. Alikaa amesimama hivyo kwa muda, bila kupiga hatua. Nikaona ananitazama, kisha nikaelewa haoni mtu. Anaziona ngazi. Mtaalamu akamwambia, "Ukiwa tayari." Akakanyaga. Goti likajifunga, tak. Akakanyaga tena. Akaenda mpaka mlangoni, akapanda kizingiti, akashuka, akarudi. Jasho lilikuwa linamtoka usoni.

"Hili halitetemeki," akasema.

Mama akanionyesha kwa mkono. "Mshukuru huyu hapa. Ameitengeneza mashine upya, kwa akili yake."

Mwalimu akanipa mkono. Ulikuwa umelowa. "Mungu akuzidishie," akasema. Kisha: "Na yule aliyetengeneza la kwanza yuko wapi?"

Mama akasema, "Tulimwondoa, mwalimu. Usiwe na wasiwasi."

"Ooh." Akakaa. "Basi mnifikishie salamu kwake. Nataka ajue sina kinyongo naye. Nilikuwa nacho, siwezi kudanganya. Nililala kitandani nikimwombea mabaya mtu ambaye hata sura yake siijui. Halafu nikafikiri, huyu naye ana mama yake."

Sijui ni kwa nini hilo ndilo lililonivunja, wakati nilishamwona mama mwenyewe, nimekunywa chai yake. Nikasikia nasema, "Si yeye."

Mama akageuka.

"Si yeye, Mama. Mashine niliisimika mimi na niliisimika vibaya. Kimya aliniambia. Aliniambia mara mbili. Ulipouliza nikakwambia hakuwahi. Na hii ya kokoto na bamba ni yake." Nikatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. "Hii hapa, kwa mwandiko wake. Mwalimu, laana zile zilikuwa zangu."

Nilitaka mtu anitukane. Mama aliichukua karatasi, akaikunjua juu ya meza ya mashine, akaisoma muda mrefu kuliko inavyohitaji, kwa sababu ina maneno machache sana.

Mwalimu ndiye aliyeongea kwanza. Hakuwa na upole tena. "Ulikuwa unanishika mkono," akasema. "Sasa hivi, ulikuwa unanishika mkono na unakubali shukrani."

"Ndiyo."

Akamwomba mtaalamu amsaidie kutoka. Goti lililia tak, tak, tak mpaka mlangoni.

Mama akaniambia, "Nenda kamwambie yeye. Kwangu utarudi baadaye." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nami niliyempiga vijembe mbele ya wote, nitakwenda kivyangu."

Alhamisi, 24 Aprili

Jana sikuweza. Leo nimekwenda.

Mvua ilikuwa ya manyunyu. Barazani kwa muuza viatu kulikuwa na wateja wawili. Nikasubiri zamu yangu kama mteja. Alipoinua macho na kuniona bila mwavuli mkononi, akasema, "Shemeji. Huna cha kutengeneza?"

Nikamweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Nikaeleza yote: droo, punje, "hapana, hakuwahi", makofi. Muuza viatu alikuwa anasikiliza, wala hakujificha. Kimya aliendelea kushona kitambaa kwenye ubavu wa mwavuli. Sindano iliingia na kutoka, kila mshono sawa na mwenzake.

Nilipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ulikana. Mama mwenye karakana aliponiachisha aliniuliza, 'Kwa nini hukusema?' Nikajua hapo."

"Na hukumwambia kwamba ulisema?"

Akaufungua mwavuli, akauzungusha, akautazama dhidi ya mwanga. "Ningemwambia shemeji yangu ni mwongo. Halafu dada yangu akalale wapi?"

Nikasema nisamehe. Nilisema mara mbili au tatu, sikumbuki, na safari hii kweli sikumbuki.

"Sijui, shemeji," akasema. "Sitaki kukudanganya. Kuna siku nilianza kuutazama mkono wangu. Nilikaa nimeuinua hivi, naungoja utetemeke. Mmeusema sana mpaka nikawaamini." Akaunyoosha. Ulikuwa umetulia kama jiwe. "Hilo ndilo siwezi kukusamehe leo. Kazi ni kazi tu, hupotea ikapatikana."

Mteja alikuja. Nikaondoka.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemweleza mke wangu, ingawa Kimya alikuwa amenitangulia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama yangu aliniuliza siku ile ya chai, kwa macho tu. Nikakutetea. Kwa macho." Amekwenda kulala chumba cha watoto wetu mapacha.

Jumatatu, 5 Mei

Kimya amekubali kurudi. Mama mwenye karakana alimfuata mwenyewe, akakaa kwenye benchi la wateja. Masharti ya Kimya ni mawili: mashine iwe chini yake, na mimi niseme mbele ya wote kile nilichosema barazani. Si kwa barua. Kwa mdomo, kwa sababu methali ile niliitoa kwa mdomo.

Nimesema leo asubuhi. Hakuna aliyepiga makofi, nashukuru. Cheche alitazama chini muda wote. Tulipotawanyika hakuniita mkuu.

Usimamizi nimevuliwa. Barua ya kwenda kliniki inayosema kosa lilikuwa la nani nimeiandika mimi, Mama ameisahihisha neno moja. Nilikuwa nimeandika "kasoro". Akakata, akaandika "uongo".

Ijumaa, 9 Mei

Nafagia vipande, nakata vyuma, nampelekea Kimya. Anasema "asante" na "bado". Mwalimu hajarudi. Nasikia anatembea.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua inaisha. Leo imenyesha robo saa tu, jua likatoka bati likiwa bado linadondosha.

Kimya amebadilisha kichwa cha kisu na anataka vipimo upya kabla ya kuanza magoti ya wiki. Akasukuma yeye, akaniambia nisome saa. Ni mara ya kwanza ananipa kitu kingine zaidi ya ufagio na msumeno.

"Ngapi?"

"Mbili," nikasema. Ilitoka yenyewe, kabla sijaangalia vizuri, kwa sababu mbili ndiyo tunayoitaka, na kwa sababu magoti yanasubiriwa.

Hakunigeukia. Mkono wake ulibaki kwenye kichwa cha mashine. Nikainama, nikaitazama sindano mpaka macho yakaniuma.

"Nne, shemeji. Ni nne."

"Nne kweli?"

"Nne. Niliharakisha."

Akachukua spana, akaniwekea kiganjani.

"Haya," akasema. "Tuanzie hapo kwenye nne."